Mliosoma vyuo vidogo vya Marekani ambavyo huku hakuna anayevijua, jina liliwabeba au liliwaangusha? Tupeane uzoefu

Fundi Vyeti:
Wakuu, mdogo wangu kapata chuo Ohio, ufadhili karibu wote. Mzee kauliza kitu kimoja tu: "Nani anakijua hicho?" Nikakumbuka usaili wangu hapa mjini. Mmoja wa jopo alikigeuza cheti changu nyuma, akakinyanyua kwenye mwanga kama anakagua noti ya elfu kumi. "Hiki ni chuo kikuu au mlienda kozi?" Mliosoma vile vyuo vya kijijini, wanafunzi elfu moja na kitu, profesa anakualika kwake kula, njooni.

Kijana wa Upanga:
Ulipita TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa cheti? Mimi walipoiona ile barua hakuna aliyeuliza jina tena.

Theluji Kavu:
Naunga mkono. TCU kwanza, mengine baadaye.

Mkamba Halisi:
Wabongo mnapenda majina. Wangari Maathai alianzia Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas. Nani alikuwa anaijua Atchison? Akamaliza 1964, akaenda Pittsburgh kuchukua shahada ya pili, na 2004 akabeba Nobel.

Kijana wa Upanga:
Jirani, enzi zile Kenya ilikuwa inatafuta watu wa kukalia viti vya wazungu. Ungerudi na cheti chochote cha ng'ambo ungepewa ofisi na gari. Leo viti vimejaa na nje kuna foleni.

Mkamba Halisi:
Wivu tu. Eduardo Mondlane wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, naye alihitimu Oberlin 1953, Ohio hukohuko. Mwambie mzee.

Theluji Kavu:
Mzee atauliza Mondlane alikuwa analipwa ngapi 😂

Binti Uyole:
Huwa nasoma na kupita, ila hapa mmenigusa. Mimi chuo changu kilikufa nikiwa mwaka wa pili. Sikitaji.

Asubuhi ikaja barua pepe: wote kanisani saa sita mchana. Tukajua kuna mwenzetu amefariki. Rais wa chuo, mama aliyekuwa anatujua kwa majina, akasimama akasoma karatasi bila kuinua macho: muhula ukiisha, na chuo kimeisha. Nyuma yangu yule mhudumu wa bwalo aliyekuwa ananizidishia wali analia, aproni bado kiunoni.

Wenzangu Wamarekani wakapigia wazazi, magari yakaanza kuja. Mimi I-20 yangu, ile fomu ya chuo inayoshikilia visa ya mwanafunzi, ina jina la chuo kinachozikwa. Bila chuo kingine kunipokea, uhalali wa kukaa hakuna. Nikampigia mama. Kusikia tu "mwanangu, umekula?" nikadanganya mtandao unasumbua, nikakata.

Vyuo vingine vikaja kuweka meza ukumbini kutugombania. Kimoja kilikubali masomo yangu yote, ufadhili nusu. Kingine ufadhili wote, lakini kozi zangu karibu zote za mwaka wa kwanza kikazikataa. Hiyo nusu ningeitoa wapi? Nikaenda cha pili, nikakaa tena darasani na watoto waliotoka sekondari juzi.

Na chuo kile sifa kilikuwa nazo jamani, maprofesa wa vyuo vikubwa walikuwa wanakiheshimu. Sifa hazilipi bili ya kupasha mabweni joto.

Theluji Kavu:
Pole sana dada. Mama ulimwambia lini?

Binti Uyole:
Alijua siku ya mahafali, aliposoma jina jingine kwenye cheti 🙈

Fundi Vyeti:
Kumbe vinafungwa kweli?

Dada wa Bweni:
Sana. Green Mountain, Vermont, 2019. Marlboro, Vermont hiyohiyo, 2020, kikaunganishwa na Emerson ya Boston. Mills ya California ikamezwa na Northeastern 2022. Chuo kisicho na mfuko mnene kinaishi kwa ada, wanafunzi wakipungua basi.

Mkamba Halisi:
Msimtishe mtoto. Williams na Amherst navyo ni vidogo, vitafungwa lini?

Dada wa Bweni:
Hivyo vina mabilioni ya dola, bwana. Soma kabla hujajibu.

Mkamba Halisi:
Nimesoma kuliko wewe.

Dada wa Bweni:
Wapi? Atchison?

Kijana wa Upanga:
Fundi, mwache asome Mlimani. Watakaomwajiri wamesoma palepale.

Jivu la Kentucky:
Aende! Mimi nimepita Berea, ada hawatozi tangu 1892, ila kila mwanafunzi anapangiwa kazi. Bosi wangu wa maktaba ndiye aliyeniandikia barua ya shahada ya pili. Kwenye chuo cha watu elfu arobaini ni nani angenijua?

Theluji Kavu:
Aende ila asome kompyuta. Akimaliza anaruhusiwa mwaka wa kufanya kazi, fani za sayansi wanaongeza miezi 24. Falsafa atasoma uzeeni.

Fundi Vyeti:
Binti Uyole, hali ya chuo kifedha naiona wapi?

Binti Uyole:
Ripoti yao ya kodi, fomu 990, iko wazi mtandaoni. Angalia kama matumizi yanazidi mapato mwaka hadi mwaka. Halafu aulize mwaka huu wamepokea wangapi na mwaka jana wangapi. Wakizungukazunguka kujibu, ajue.

Jivu la Kentucky:
Na koti asinunue Karume, kwa baridi ya Ohio halitoshi. Akifika aulizie mitumba ya kanisani.

Kijana wa Upanga:
Hilo la koti ndilo pekee tumekubaliana.

Mkamba Halisi:
Nani kakubali? Gikomba kuna makoti mazito kuliko hayo yenu.