Glavu, kofia ya gumba au jiliwa: mnakinga vipi mikono mkichonga?

Chongachonga (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Jana nilikuwa namalizia shingo ya kijiko, pale mti unapokuwa mwembamba na nyuzi zinageuka. Kisu kikakwama kwenye kifundo, nikaongeza nguvu, kikachomoka ghafla na kutua chini ya gumba la kushoto. Kidonda si cha kutisha, ila nimekitazama nikasema sasa basi. Nachonga kwa kisu zaidi, patasi mara mojamoja. Watu wanataja glavu za kuzuia kukatwa, kofia ya ngozi ya gumba, na ile tepu ya kuzungushia vidole inayojinata yenyewe. Nianze na ipi?

Gumba_la_Pili
Pole mkuu. Glavu, bila kujiuliza, kwenye mkono usioshika kisu. Tafuta za nyuzi za Kevlar au HPPE (nyuzi za kiwandani zisizokatika kirahisi) zenye alama ya EN 388, kiwango cha Ulaya cha glavu za kazi. Chini ya ile picha ya nyundo kuna tarakimu nne: kusuguliwa, kukatwa, kuchanika, kutobolewa. Kisha inafuata herufi, A hadi F, nayo ndiyo ya kuangalia kwa makali. A inaanzia nguvu ya nyutoni 2, D 15, F 30. Mimi natumia D. F niliyowahi kuvaa ilikuwa nene mno, nikawa nashika mti kama nimevaa soksi mkononi.

Bi_Patasi
Tarakimu ya nne wengi wanaipita haraka. Herufi inapima makali yanayoburuzwa juu ya glavu, haisemi lolote kuhusu ncha. Hata kipimo cha kutoboa kinatumia kitu kama msumari mnene, wala si ncha ya kisu. Glavu ya kufumwa ina matundu, na kona ya patasi inapenya katikati ya nyuzi. Yalinikuta: patasi ya milimita 6, kipande nimekishika kiganjani, nasukuma kuelekea kiganja hichohicho (ndiyo, najua). Glavu ilitoka na kitundu kimoja kidogo tu. Kiganja kilishonwa nyuzi nne.

Kwa patasi, funga kazi kwenye jiliwa (kile chuma cha mezani cha kubana mti) au kibano. Mkono mmoja kwenye mpini, wa pili juu ya bapa unaongoza, yote miwili nyuma ya makali. Hapo hata ikiteleza haina kiganja cha kukuta.

Chongachonga
Sasa kijiko ninachokigeuza kila baada ya mikato miwili nikifunge kwenye jiliwa?

Bi_Patasi
Kisu ni habari nyingine, sijakataa. Nasema patasi.

Mzee_wa_Tezo
Mnaongea glavu tu, hakuna aliyemuuliza kisu kilikuwa na hali gani. Kijana, "nikaongeza nguvu" umeandika mwenyewe. Chukua kipande cha mti laini, kata kukatisha nyuzi. Uso ukitoka laini unang'aa, kisu kiko sawa. Ukiona michirizi myeupe na nyuzi zilizong'oka, rudi kwenye kinoo, kisha umalizie kwenye ngozi. Mimi nasugua kwenye ngozi kila nusu saa, hata kama naona bado kinakata. Na kifundo hakipigwi vita: unakizunguka, unakula kidogokidogo kutoka pande zote. Kama mti umekauka sana, mbichi unachongeka kwa nguvu ndogo zaidi. Glavu sivai, inaniondolea hisia ya mti.

Gumba_la_Pili
Mzee, shikamoo, ila kisu kikali kikiteleza kinaingia ndani zaidi kuliko butu. Kunoa kunapunguza kuteleza, hakuzuii.

Mzee_wa_Tezo
Marahaba. Hilo nakupa.

Ngozi_Mbili
Kuna kitu mmekiruka. Ule mkato wa kuvuta kisu kuelekea kwako, kama unamenya, gumba linalolengwa ni la mkono uleule ulioshika kisu. Glavu ya kushoto inasaidia nini hapo? Ndipo kofia ya ngozi inapofaa. Natengeneza mwenyewe kwa ngozi ya milimita 2, naongeza kipande cha pili pale kwenye nyama ya gumba, maana ndipo makali yanapotua. Na hata ukiwa nayo, weka gumba chini kidogo ya njia ya kisu, lisisubiri mbele.

Tepu ni ya kukwaruzwa na malengelenge. Zungusha mara tatu nne kwa kazi ndogondogo, ila usiibane. Ncha ya kidole ikianza kubadilika rangi, fungua.

Kerezo
Moja tu kwa wanaosoma: hizo glavu zivueni kabla ya kuwasha chochote kinachozunguka. Kerezo, keekee, grinda yenye diski ya kuchongea. Uzi ukinaswa haukatiki, ndiyo sifa yake, kwa hiyo mkono wote unavutwa ndani.

Bi_Patasi
Na magoti. Usichonge juu ya paja, pale ndani kuna mshipa mkubwa wa damu. Viwiko juu ya magoti, kazi ikae mbele yake. Halafu Chongachonga, hicho kidonda: gumba linakunja na kunyooka vizuri? Ncha ina ganzi? Kama kuna ganzi au halikunji, usimalize siku bila kuonana na daktari, huenda kano au neva imeguswa. Uliza na chanjo ya pepopunda.

Chongachonga
Linakunja vizuri, ganzi hakuna, chanjo nitaulizia kesho. Nimejaribu ule mkato wa Mzee: michirizi mitupu, kisu kilikuwa butu na mimi sikujua. Nimekinoa. Glavu ya D nitaichukua kwa mkono wa kushoto, patasi itasubiri hadi nipate kibano. Kofia nimeikata kwenye ulimi wa kiatu cha zamani, lakini inateleza nikikunja gumba. Ngozi_Mbili, mpira wa kuishikilia unaupitisha wapi?

Ngozi_Mbili
Chini ya kiungo, siyo juu yake. Na upande wa kucha uache wazi, ngozi ikizunguka gumba lote haitakunja.