Naomba ushauri: ushirika wa nyumbani na mtoto wetu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mume wangu ni mwinjilisti, tuko Ngara, Tanzania, mwaka wa pili. Wazee hapa bado wanasimulia uamsho wa Gahini, Rwanda, ulioanza baada ya daktari mmisionari Mwingereza Joe Church na Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi kuomba pamoja Kampala mwaka 1929. Watu waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba. Nasi tumeanza ushirika nyumbani kila jioni, na watu wanatubu kweli. Ila juzi binti yetu wa miaka 9 alisimama mlangoni na daftari: “Mama, leo tena wageni?” Taa ni moja, sebule ndiyo anaposomea. Iliniuma sana. Mliokulia nyumba za watumishi, tupunguze siku au tuuhamishie ushirika kanisani? Naogopa moto huu wa kiroho usije ukapoa.