Mnapunguza tiketi za mashabiki wageni "kwa usalama" halafu mnafungua geti MOJA??

Wakuu nimeshuka kwenye basi sasa hivi, mguu umevimba, sauti imekata na wala si kwa kushangilia.

Tumetoka Dar saa kumi alfajiri, Coaster mbili za tawi letu la Simba, kina mama wamo, watoto wamo, tiketi tumeshakata kabisa za jukwaa la wageni, elfu kumi kumi wakati wenyeji mzunguko wanaingia kwa buku tano, haya tukameza. Tunafika uwanjani tunaambiwa jukwaa lenu limepunguzwa, nusu wamekaa wenyeji, eti maamuzi ya usalama. Usalama wa nani sasa?? Yameamuliwa lini? Tangazo hamna, wa kumuuliza hamna, kuna baunsa tu anapiga kelele rudini nyuma, na huko nyuma watu wanasukuma maana hawajui mbele kuna nini.

Na geti ni moja. La pili lipo pale pale limepigwa kufuli, mlinzi kakaa kwenye kiti cha plastiki anatuangalia kama sinema. Mashine ya kuskani moja, inagoma, jamaa anaipigapiga pajani kama rimoti ya tv. Mbele yangu mtoto wa kama miaka saba alianza kulia hapumui, ikabidi tumpitishe juu ya vichwa kama ndoo ya maji mpaka akapokelewa ng'ambo ya nondo, mama yake kabaki huku nyuma anaita jina tu.

Hivi uwanja wa Olembe kule Kameruni mmesahau? Januari 2022, Kameruni na Comoro, watu 8 wamekufa getini, na Motsepe mwenyewe, rais wa CAF, akasema lile geti lilitakiwa liwe wazi. Mei 2023 hapa hapa kwa Mkapa, fainali ya Kombe la Shirikisho mtani Yanga anacheza na USM Alger, mtu akafia kwenye msukumano. Mimi Mnyama damu, ila siku ile utani ulinishinda.

Sawa, na sisi tuna watu wetu wanakuja bila tiketi wanaruka ukuta, nawajua, wengine tumepanda nao basi. Kamateni hao. Huko Uingereza tunakoangalia kila wikiendi mgeni anajua mapema kuna tiketi 3,000, kiwanja kidogo asilimia 10, na bei haivuki pauni 30 tangu 2016. Sisemi tuwe kama wao, nasema niambie idadi kabla sijapanda basi, basi!

Nimeingia dakika ya 38. Goli letu nimelisikia nikiwa nimebanwa kwenye nondo. Wenzetu sita hawakuingia kabisa, tiketi zao ninazo hapa hazijaskaniwa, na kila tunayempigia anasema si idara yake. Kuna mtu humu alishawahi kurudishiwa hela? Anicheki pm anielekeze alipitia kwa nani.