Tupeane uzoefu: nomino za Kiingereza zenye "s", ni "is" au "are"?

Chaki: Wakuu, kosa linaloongoza ni "the news are bad". Chanzo kiko kwetu: habari *zimefika*. Kiingereza ni "the news is bad", basi. Wengine mnakwama wapi?

Fundi Cherehani: Suruali! Kwetu suruali *imechanika*, mkasi *umepotea*, kwa hiyo mtu anaandika "my trousers is torn". Vitu vya pande mbili zilizoungana (trousers, scissors, glasses) hudai wingi hata kikiwa kimoja: "my trousers are torn". Ukitaka kuhesabu, ingiza "pair", na kitenzi kitaifuata hiyo pair: "this pair is torn", "two pairs are torn". Halafu mtu anapatia "Where are the scissors?" anajibu "It is on the table". Ni "They are".

Mpita Njia: Hapo kwenye "It is" ndipo wengi wanapoangukia.

Bi Hesabu: Mathematics, physics, measles: "is". Ila "statistics" ina sura mbili. Somo, "statistics is hard". Takwimu zenyewe, "these statistics are wrong".

Kijiwe: Dawa ni moja: ukiona "s" mwishoni, weka "are".

Bi Hesabu: Kijiwe, umesoma nilichoandika? Na "police" haina "s", mbona ni "the police are here"?

Kijiwe: Polisi huwa hawaji mmoja.

Msoma Katiba: Subirini. "The United States" leo ni "is". Lakini someni Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, ya 1865, yaliyofuta utumwa: "within the United States, or any place subject to *their* jurisdiction". *Their*! Nchi ile ilikuwa bado inaandikwa kama majimbo mengi.

Mpita Njia: Duh. Kumbe na katiba ina ngeli.

Fundi Cherehani: Basi na "pea" ya Kiingereza (njegere). Zamani neno lilikuwa "pease", umoja. Watu wakadhani ile "s" ni ya wingi, wakaikata. Ndivyo sisi tulivyoichukua "keep left" tukapata kipilefti, vipilefti.

Chaki: Turudi kwenye mada. "Headquarters" je?

Bi Hesabu: Zote mbili zinakubalika. Chagua moja, usichanganye kwenye barua moja.

Kijiwe: Au andika "head office" ulale.