Naomba ushauri: kutia rangi mpini wa titani wa kisu cha kukunja

Wadau, habari za wikendi. Nina kisu cha kukunja chenye mpini wa titani, ule wa kijivu uliopooza, na nataka kuutia samawati mwenyewe hapa nyumbani Umoja. Rangi hii haipakwi: umeme unanenepesha utando wa oksidi juu ya metali, na unene huo ndio unaoamua jicho lione rangi gani. Betri tatu za volti 9 zikiungwa mfululizo zinatoa 27, hapo samawati hutokea. Maji nimetia bekingi soda, karatasi ya alumini iko upande wa hasi, titani upande wa chanya. Skrubu na beringi za chuma nimetoa.

Nilianza na klipu, ile ya kushikiza kisu mfukoni. Nchani imetoka safi kabisa, ila karibu na matundu ya skrubu kuna madoa ya hudhurungi. Nimeiosha kwa sabuni ya vyombo na spiriti, bado.

Mnasafisha na nini kabla ya kuchovya? Wengine husifia asidi ya hidrofloriki, lakini hiyo hupenya ngozi hadi mfupani, na mimi naishi fleti na watoto. Msasa laini unatosha? Na kuna aliyepata pawasaplai ya kurekebisha volti pale Luthuli Avenue, ifike 60 hivi?

Fundi mmoja wa jua kali Kamukunji ameniambia niuchome tu kwa gesi, rangi zitajitokeza. Kweli zitatokea, lakini ulimi unaofunga kisu umekatwa kwenye mpini uleule. Ukipata moto mkali si springi italegea?