Naomba ushauri: kulala siku mbili Swakopmund, mwezi wa saba

Wakuu, habari. Nitapita Swakopmund, mji wa pwani wa Namibia, na begi la mgongoni la lita 40, bila ziara za kulipia. Mkondo baridi wa bahari wa Benguela huleta ukungu, hata nguo iliyofuliwa jioni hulala mbichi. Wengi hukosea wakabeba kaptura tupu kwa kuwa jangwa liko pale pale. Nabeba sweta la sufu, koti la kuzuia upepo, soksi jozi tatu. Lakini mwezi huo upepo wa mashariki nao huweza kuleta joto na mchanga: skafu moja itatosha?

Pia, kombi za kutoka Windhoek, kama kilomita 360, huondoka zikijaa tu? Na kwenda mji jirani wa Walvis Bay kutazama heroe (flamingo), asubuhi au alasiri ukungu ukishaondoka?