Naenda kumuona mdogo wangu kajifungua njiti, sanitaiza inatosha au mpaka barakoa?

mjomba_wa_Moro: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu wa kike kajifungua njiti huko Dodoma, kilo moja na nusu, wapo wodi ya kangaroo, mtoto anafungwa kifuani ngozi kwa ngozi. Bi mkubwa kaagiza mtori niupeleke mwenyewe, sasa nasikia watu tunaingia na vijidudu wodini, nikipaka sanitaiza inatosha au nitafute na barakoa?

kijiko_cha_mbao: Mtori toka Moro mpaka Dodoma si utafika gundi mkuu 😂

MamaVikoba: Nawa kwa sabuni na maji tiririka sekunde 40 mpaka 60, kwenye kucha na chini ya pete, sanitaiza ni kwa mkono usio na uchafu wa kuonekana. Na kitandani kwa mgonjwa hapakaliwi! Mimi nililazwa na presha wakaja wenzangu tisa wa kikundi, wote wakajipanga kitandani, mmoja kalaza mwanae kwenye mto wangu, mwingine kala machungwa yangu kaniachia maganda, na hela yangu ya mchezo mpaka leo sijaiona.

Mstaafu58: Vijana na simu. Umenawa vizuri, halafu unashika simu uliyotoka nayo chooni umpige picha malaika wa watu.

nesi_wa_zamu: Mleta uzi, kwako wote wazima?

mjomba_wa_Moro: Mi mzima dada, hata chafya sina.

nesi_wa_zamu: Nimeuliza kwako.

mjomba_wa_Moro: Kuna wangu wa chekechea katokwa na vipele vya tetekuwanga juzi, ila analala na mama yake.

nesi_wa_zamu: Ndo ulichokuwa unaficha. Wewe uliwahi kuugua?

mjomba_wa_Moro: Bi mkubwa hakumbuki, tulizaliwa saba. Ila nitavaa barakoa mbili na nitakaa dakika tano tu, nisipoenda itaonekana nimemtenga mdogo wangu.

nesi_wa_zamu: Inaambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, na tangu uambukizwe mpaka vipele vianze kutoka ni siku 10 mpaka 21, kwa hiyo uzima wako huo hauna maana. Halafu inapita kwenye hewa, utainawa hewa?

Kipanga_TZ: Ngojeni kwanza. Mwezi wa nne huyu huyu alileta uzi anatafuta mchumba, hajawahi kuzaa. Leo ana mtoto chekechea? Hii chai.

kijiko_cha_mbao: Leteni vitumbua.

mjomba_wa_Moro: Ule uzi shemeji alitumia akaunti yangu jamani. Nyie bishaneni, mi tiketi nilikata jana na sasa hivi tumepita Gairo.

nesi_wa_zamu: Chai au si chai, ishia getini. Anayemuuguza atoke achukue hotpoti.

mjomba_wa_Moro: Anayemuuguza ndo bi mkubwa. Alikuwa kwangu wiki nzima, kaondoka juzi asubuhi.

nesi_wa_zamu: Mpigie SASA HIVI awaambie manesi wa wodi, asisubiri vipele.

kijiko_cha_mbao: Mtori mpe kondakta.